Sikumwandikia Mama Dawa

Baba Emmah,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Sweta ya Emmah haijakauka, mpe ile ya zamani. Nimeenda Ruiru kwa mama yako.

Ng'ombe wake amekufa. Alizaa jana, na leo asubuhi akashindwa kusimama. Mama akanipigia video: "Beth, dawa ya sindano ninayo. Niambie tu nimdunge kiasi gani."

Nikamwambia leseni yangu ya udaktari wa mifugo hainiruhusu kuandika dawa kwa simu kwa mnyama ambaye sijawahi kumpima, na ile dawa ikiingia vibaya inasimamisha moyo. Anisubiri, nakuja.

"Kwani mimi ni mteja?" akauliza.

Nilikuwa bado natafuta viatu aliponipigia tena. "Sasa usiharakishe."

Sheria hiyo ni nzuri. Hata kesho nitajibu hivyo hivyo. Sijalia, sijui ni kwa nini.

Ndama yuko hai. Nitamtafutia maziwa kwa jirani mwenye ng'ombe aliyezaa.

~~Usimpigie mama mpaka nifike.~~

Mpigie sasa. Sauti yangu hataki kuisikia.

Mama Emmah