Mkono wa Sita

Mpendwa Mama mkwe,

Juzi alifika mwanamke kutoka Mata kwa bodaboda, mtoto mgongoni, akitaka umfundishe kuhifadhi mahindi. Hakujua kwamba tumekuzika. Nilimpa uji, nikamfundisha mwenyewe. Tangu aondoke nimekuwa nikizungumza nawe kichwani, sasa nimeona bora niandike.

Nilipoolewa hapa Njukini, Mwakio aliniambia mama yake ni mpole. Alisahau kusema ni mpole mpaka mtu aguse mbegu yake. Nilitoka Voi na cheti cha kilimo na pakiti mbili za mbegu ya kisasa. Ulimwaga punje chache kiganjani, ukazitazama na ile dawa yake ya rangi ya waridi, ukasema, "Mwanangu, mbegu ya kununua kila msimu ni kama kuoa kila msimu." Hata hivyo ulinipa upande wa shamba ulio karibu na mfereji, ukabaki na ule wa mawe. Wakati ule sikuliona hilo.

Mahindi yangu yaliyapita yako kwa mbali. Ulisema tu, "Umevuna. Sasa tungoje kula." Nikadhani ni kijicho. Nikamwambia Mwakio, nawe ukisikia, kwamba mambo ya kizamani hayashibishi mtu. Uliendelea kupepeta maharagwe.

Kabla ya msimu mwingine, dumuzi walikuwa wamegeuza magunia yangu kuwa vumbi. Yako yalining'inia juu ya meko, yamekaushwa na moshi, mazima. Ulinijazia debe la mahindi yako. Jioni ndipo uliponishikisha hindi lako na langu moja lililobaki na maganda yake. "Angalia kichwa," ukasema. "Langu limejifunika mpaka ncha. Lako linatembea kichwa wazi, mdudu anaingia likiwa bado shambani." Miaka miwili chuoni, Mama, na hakuna aliyeniambia nitazame hapo.

Nikanunua ile mifuko isiyopitisha hewa, kwenye agroveti ya Taveta. Sharti lilikuwa moja: ukishafunga usifungue, ili wadudu wakose pumzi wafe. Ulikubali tutie humo chakula cha nyumba nzima. Wiki ya pili nikakukuta stoo, mkono ndani ya mfuko mpaka kwenye kiwiko.

"Mama!"

"Naangalia tu."

"Ukiangalia unawapa hewa!"

"Chakula nisichokiona si changu."

Tulinuniana siku tatu tukipika jiko moja. Mahindi yakaharibika, na mwaka ule tulikula kwa kupimiana.

Kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wakulima, afisa wa kilimo aliuliza kwa nini mifuko ya wengi imekataa kufanya kazi. Kila mmoja akasema ni feki. Ndipo uliposimama, ukakaza leso kiunoni. "Mimi nilifungua. Niliogopa." Ukaeleza mwaka wa njaa, Mwakio akiwa bado ananyonya, mlivyotegemea ghala la shemeji yako lenye kufuli, na siku lilipofunguliwa mkakuta maganda na panya. Ukakaa. Nyuma ukainuka mkono mmoja, kisha mwingine, mpaka ikawa mitano.

Wa sita ulikuwa wangu, Mama. Sikuuinua. Jumapili moja ulipokwenda ibada, nami nilifungua. Nilikuwa nimeaibika mara moja kwa mbegu yangu na niliogopa kuaibika tena. Nikakuacha ubebe lawama ya nyumba yetu peke yako.

Wewe ulirudi nyumbani ukatafuta njia. Ulichukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, ukaijaza mahindi na dumuzi hai, ukakaza kifuniko, ukaiweka dirishani. Kila asubuhi uliniita. "Wakesho, njoo! Leo wanatembea kama walevi." Halafu siku moja, "Wamelala wote." Tangu siku hiyo hukugusa mfuko tena. Wanawake walikuja kuitazama chupa yako kwa wingi kuliko walivyowahi kuja kumsikiliza afisa, au mimi na cheti changu.

Siku hizi napanda aina zote mbili. Mtu akiniletea mbegu mpya, namwomba kwanza anionyeshe hindi lenyewe na maganda yake. Wengine hukasirika. Nakukumbuka stoo zaidi ya mahali pengine popote.

Yule mwanamke wa Mata aliniuliza, "Na wewe, hujawahi kufungua?" Ningeweza kukana. Nikamwambia nilifungua, na nikamwambia ni nani aliyebeba lawama. Mwakio alikuwa mlangoni, akasikia. Nilingoja akasirike.

"Mama alijua," akasema. "Alikuta kamba imefungwa kwa fundo ambalo si lake. Akaniambia nisikuulize, utasema mwenyewe siku ukiwa tayari."

Basi nimesema, Mama. Nimechelewa, lakini nimesema. Lala salama.

Mkaza mwanao,
Wakesho