Jina la Ghala

Jumatatu, 9 Machi 1998

Nimewaficha wote, hata binti yangu Khalayi: nilistaafu, lakini bado ninasoma oda za ghala la sabuni kule Industrial Area. Kompyuta iko kando ya kitanda, imeunganishwa na simu. Naingia kwa jina la ghala. Nililisajili mimi mwenyewe. Mtambo wa kati humtunzia kila aliyesajiliwa ujumbe wake, hata akizima mashine, mpaka athibitishe kuupokea. Mimi sithibitishi. Nasoma tu — nani kaagiza, Kitale, Busia. Kifua kimebana. Uji nusu kikombe.

Jumatano, 11 Machi

Mourine amekuja. Nilimfundisha kazi, sasa mtambo ni wake. Anasema oda zinafika ghalani mara mbili, na mzigo unatoka mara mbili. Ondiek, mtunza ghala, amesimamishwa — eti ule wa pili anauuza. Ijumaa wakubwa wanakutana kumfukuza. Mourine amebadilisha printa, amebadilisha nyaya. Wapi! Nikamwambia achunguze kama programu inathibitisha kabla ya kuchapa oda au baada. Ushauri mzuri. Nilijua hautamfikisha popote.

Khalayi akaleta chai, akasema siku ya mazishi watanizika na kompyuta, naye Mourine atakuja kila Jumapili kuiwasha. Tulicheka mpaka nikakohoa.

Alhamisi, 12 Machi

Mchana sikuingia. Nyumba kimya, Khalayi kazini. Jioni niliingia kidogo.

Ijumaa, 13 Machi

Mourine tena, asubuhi. Jana mchana hakuna oda iliyorudiwa. Jioni ikarudiwa ya Busia. Sababu ameipata bila mimi. Jina moja halikai na watu wawili: anayeingia humtoa aliyemo. Ghala linatolewa likiwa limeshachapa oda, halijathibitisha. Likirudi, linapewa ile ile upya.

Ameuliza pia kampuni ya simu ni laini gani inayoingia. Akaketi kitandani, akashusha sauti.

"Mzee Opicho, ni laini ya hapa mtaani Fedha, ya nyumba hii. Sema tu mashine ilijipigia yenyewe, nami nitaandika hivyo."

Ametoka, yuko sebuleni na Khalayi, amevaa koti tayari. Mkutano ni adhuhuri. Hilo la mashine lingetosha kumrudisha Ondiek kazini, na mimi ningekufa na jina zuri.

Lakini haikujipigia. Niliona oda zikirudiwa tangu Desemba, Ondiek akiwa bado kazini, na nikaendelea kuingia. Namwita Mourine aandike hivi.