Upande wa Kushoto Hauui

Nyumba za Walimu, mlango wa mwisho,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa kaka mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Wifi yangu na watoto wanaendeleaje na baridi ya huko? Na mgongo wako je, umeacha kukusumbua? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu nikianza tu napiga kelele na hatuelewani.

Uliniomba jambo moja: niende polisi niseme mume wangu aliteleza akaangukia kisu. Kabla sijakujibu, kaa chini usome yalivyokuwa. Akili za kuambiwa, changanya na zako.

Ndugu yetu wa kati, yule tuliyemwita Radi tangu utotoni kwa kuwaka bila wingu, alitoka machinjioni siku hiyo na kisu kiunoni kama kawaida yake. Mkewe akamjibu neno. Sijui neno gani, wala sitaki kujua, maana hakuna neno linalostahili yale. Alimburuta kwa nywele kutoka jikoni hadi uani, akamcharaza mkanda upande wa chuma mpaka uso ukafumuka damu. Majirani wakafunga madirisha. Mume wangu alikuwa pale kwa Radi akirekebisha mlango. Unamjua seremala wangu, hajawahi kupandisha sauti hata kwa msumari uliopinda. Aliweka randa chini, akamshika Radi mkono, akasema tu, "Shemeji, inatosha."

Radi akachomoa kisu, akamchoma ubavu wa kushoto, chini ya mbavu za mwisho, mpaka mpini. Kisha akakitoa, akasimama anakitazama. Mkewe ndiye aliyeliziba jeraha kwa gauni lake, huku yeye mwenyewe anavuja damu usoni. Umeona kuteleza hapo, kaka?

Hospitali nilimkuta daktari wa upasuaji, kijana tu, damu ya mume wangu imemkaukia kwenye viatu. Akaanza kunizungusha, mara "hali yake", mara "tunajitahidi". Nikamwambia mimi ni mwalimu wa sayansi, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula naufundisha kila mwaka, anitajie kiungo kimoja kimoja. Basi nikaita kama niitavyo mahudhurio asubuhi.

"Ini?"

"Zima."

"Mfuko wa tumbo?"

"Mzima."

"Kongosho?"

"Zima, mama."

"Utumbo mwembamba?"

"Umetoboka. Tumeushona."

"Utumbo mpana?"

Akanivutia kiti.

Utumbo mpana hushuka upande huo huo wa kushoto kuelekea puru. Ulipasuka. Kinachopita humo unakijua. Kilimwagika tumboni kote, kikaanza kumwozesha mtu angali anapumua. Walimfungua tena kumwosha ndani. Alipozinduka alipiga mayowe mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe. Sasa wameutoa utumbo nje kwenye ubavu, na choo chake kinaingia kwenye mfuko. Mtu aliyekuwa haingii kitandani bila kuoga kuondoa vumbi la mbao! Ninapoubadilisha mfuko ule, anageuza uso asinione.

Kazini nimerudi, lakini ile chati ya viungo nimeikunja nikaitupa juu ya kabati. Yule mtu aliyechorwa kafunuliwa tumbo lote na bado anatabasamu. Nilitaka kumrarua mbele ya watoto. Wameniuliza wasome nini, nikawaambia wachore mizizi ya mmea.

Kisha nilikwenda kituoni, na sikuficha kwamba nakwenda kumtemea mate Radi. Askari akalalamika kwamba jamaa anawadhihaki: kila wakimhoji anarudia maneno yale yale, "Upande wa kushoto hauui." Wao waliona ni kiburi. Mimi nilimwomba askari ayarudie maneno hayo.

Wewe unajua, kaka. Ng'ombe wa marehemu baba alipovimba kwa majani mabichi, wewe ulishika pembe, Radi akashika mkia, baba akamtoboa kwa kisu ubavu wa kushoto. Hewa ikatoka kwa kishindo na uvundo, na jioni ng'ombe akawa anakula tena. Baba akatuambia maneno hayo. Ni kweli, lakini ni kweli ya ng'ombe: kushoto kwake kumejaa lile tumbo kubwa la majani. Mpumbavu yule amepasua ng'ombe tangu ndevu hazijaota, akadhani binadamu naye amepangwa vivyo hivyo ndani. Alitaka kumwumiza mume wangu na kumtia adabu. Kumuua hakutaka.

Polisi walikuwa wameandika kujaribu kuua, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwaeleza. Nikinyamaza, Radi anazeekea jela. Nilinyamaza, kaka, na nililala usingizi mzuri.

Lakini nikamweleza mume wangu. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Kumbe nilikuwa ng'ombe," akasema. Baadaye akasema tena, "Nenda kaseme. Ila useme yote."

Nimesema yote. Ya ng'ombe nimesema, ya mkanda nimesema, na kwamba hakuteleza mtu nimesema na kutia sahihi. Mkewe Radi nilikwenda naye, akawaonyesha uso na mgongo. Wakamleta Radi mbele yangu na pingu zake. Akauliza, "Shemeji anakula?" Nikamzaba kofi. Askari akajifanya anatafuta kalamu, nikamzaba la pili. Ndipo nikamjibu kwamba anakunywa supu kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko kinamtoa jasho la maumivu.

Wanasema shtaka huenda likawa kujeruhi tu. Daktari naye anasema huenda utumbo ukarudishwa ndani baadaye. Ndiyo maisha yetu siku hizi, huenda na huenda. Umetaka nimwokoe ndugu yetu. Kwa kadiri ya uwezo wangu nimemwokoa. Usirudi kuniomba nimsamehe. Kila asubuhi nausafisha mfuko ule kwa mikono yangu, na kila asubuhi namchukia upya.

Nisalimie sana wifi, na watoto wote waambie shangazi yao anawakumbuka. Mkewe Radi yuko kwangu, analala chumba cha mbele, naye anakusalimu kwa heshima. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na chuma kisiwaguse.

Mume wangu anakusalimu pia. Anasema usimchukie nduguyo kwa ajili yake. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Mwalimu