Moyo Wangu Mbele ya Mkwe

Alhamisi, mchana. Mvua imekatika, mtaa wetu wote wa Buyenzi ni matope, na leo namdharau kila mtu. Nianze na mashine.

Mwaka jana mshipa wa moyo wangu uliziba. Nikapelekwa nje ya nchi, wakaniwekea kijibomba cha kuufungua, nikarudi kwenye duka langu la vipuri vya magari. Tangu hapo nyumba nzima ina swali moja: je, moyo huu utaniangusha tena? Jumatatu tulikwenda Rohero kwa daktari ambaye kompyuta yake inakadiria hatari hiyo. Unapimwa damu, unapimwa presha, unajibu maswali, kisha kinatokea kiduara chenye rangi. Changu kilikuwa cha kijani.

Kijani! Hata taa ya barabarani ina akili kuliko ile mashine.

Sasa Hamidu, mume wa binti yangu. Anafanya kazi benki, ana gari, na manukato yake hufika kabla yake. Yeye ndiye aliyenipeleka, na badala ya kungoja nje akaingia nami, akavuta kiti, akakunja nne. Daktari naye, kijana wa Kinindo aliyesoma mbali mpaka akasahau adabu za kwao, hakumtoa. Akaanza kuuliza.

"Mzee, unavuta sigara?"

"Apana, docteur."

"Kifua inauma ukipanda ngazi?"

"Apana."

"Na ukiwa na mama, mu chumba?"

Mbele ya mkwe! Mimi na Hamidu hatujawahi hata kutaniana, na huyu bwana anataka nieleze mambo ya kitandani. Nikatazama ukuta, nikasema apana, na apana zangu zote zikaingia kwenye kompyuta.

Ukweli ni huu. Navuta sigara kila siku nyuma ya duka. Nikipanda ngazi, kifua kinabana. Na swali la tatu, mke wangu analijua jibu lake. Damu yangu haikupata nafasi ya kudanganya, mdomo ulipata.

Hata kwenye gari hatujafika, Hamidu ameshawatumia ndugu wote ujumbe: "Papa iko muzima! Risque ni faible!" Yaani hatari ni ndogo. Jioni sebule ikajaa watu wa kunipongeza, wale wale waliokuja mwaka jana kuniangalia kama wanaonipima sanda. Wakala mishikaki, na mimi wakaniwekea ile yenye mafuta, maana si mgonjwa tena. Daktari amesema nirudi baada ya miezi sita.

Leo asubuhi niliinua betri ya lori. Maumivu yakanishika kifuani, yakashuka mkono wa kushoto. Nikakaa juu ya tairi mpaka yakapita.

Kijani, eti.

Namdharau daktari, namdharau mkwe, nawadharau wageni na mishikaki yao. Lakini wa kudharauliwa zaidi ni mimi, mtu mzima niliyeona heri nife na heshima yangu kuliko kuaibika mbele ya kijana niliyemkabidhi binti yangu. Nilipotoka dukani nilimwambia mke wangu yote. Hakupiga kelele.

"We mutu wa ajabu," alisema. "Unaogopa Hamidu kuliko Mungu?"

Nikafungua hii kompyuta.

Hamidu, najua unasoma hapa. Wewe ndiye uliyenifungulia blogu hii, na najua unawasomea wenzako wa benki. Basi umeshajua yote, sigara na kitanda. Aibu imekwisha, imebaki hofu. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Acha hiyo kazi, leta gari sasa hivi, daktari bado hajafunga.

Na safari hii ingia tu. Lakini usikunje nne.