Posa ya Mkalimani

Ngorongoro, hotelini

Mama Paskalina,

Mgongo umekuachia? Na ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, ila baridi ya huku juu imenizeesha kuliko baba yako. Nakuandikia nina hasira, kwa hiyo jirani akiingia, kunja barua.

Yule kijana mwongoza watalii, anayeleta posa ya binti yetu Jumapili, amenidhalilisha jikoni kwangu.

Juzi asubuhi ukungu ulijaa kreta yote. Kuna mgeni hapa, mama profesa, anachunguza mawingu ya gesi yaliyo katikati ya nyota. Alikuja kuota moto, nikamuuliza huko kuna nini. Kijana akanitafsiria vizuri tu: mawingu yale hayatulii, yanavurugika ndani kwa ndani. Pembeni mwanga wa nyota unavunjavunja vitu. Katikati, kwenye giza na baridi, vitu vinaungana. Mvurugo ukiingiza vya nje na kutoa vya ndani, unakuta kitu mahali ambapo hukukitegemea.

Nikasema, "Mama, hayo ni makande yangu, mahindi na maharage chungu kimoja. Nisipokoroga, chini yanaungua, juu mabichi. Nikikoroga, yanachanganyika yote. Sasa wewe unayeonja kwa mbali, utajuaje kipi kimeanza kuiva lini?"

Hilo ni swali, mke wangu. Limetoka kwenye kichwa cha darasa la saba.

Kijana akamwambia kabila letu linaamini Mungu anapika nyota kwenye chungu. Wageni wenzake waliokuja naye kuota moto wakacheka, wakanipiga picha na mwiko. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini maneno ya Mungu, chungu na kabila nayajua.

Nikamvuta pembeni. "Mbona umenisingizia?"

"Mzee, wageni wanapenda hadithi."

Mimi, mzee wa kanisa, ndiye hadithi! Na huyu ndiye atakayetusemea uzeeni kwa madaktari? Nikiumwa tumbo atasema nina mizimu.

Basi wazee wake wakija, wape chai na viazi, wasifu watoto wao mpaka wachoke. Bahasha ya posa watakayoleta usiifungue, iweke juu ya kabati. Profesa anaondoka Jumatano itakayofuata. Kijana akimfuata mbele yangu akalisema swali langu kama nilivyolisema, nitakupigia simu uifungue. Asipofanya hivyo, irudishe kwa heshima zote.

Msalimie mama mkwe, mwambie yale meno mawili aliyosema yatang'oka bado ninayo. Msalimie na shemeji muuza mbegu.

Paskalina akinuna, mwambie ampigie mchumba wake, asinipigie mimi. Na amharakishe, maana jibu la swali langu bado nalitaka.

Mzee wako, mwenye mwiko