Kimya cha Rukia Usikiandike Ndiyo

Houston, Texas
Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri

Kwako kaka yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti la Mama limepoa, na maji yamerudi mferejini, maana uliniambia mtaa mzima mlikaa wiki bila tone. Mimi ni mzima. Joto la huku mwaka huu si la kusimulia. Ukifungua mlango wa gari mchana ni kama umefunua sufuria ya biriani, ila harufu si ya biriani. Watu wana wasiwasi ati mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitazimika na dunia itasimama. Nimewaambia kwetu Mombasa umeme hukatika kila wiki na bado hatujasimama.

Haya, salamu zimekwisha, sasa tusemezane. Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniandikia habari ya posa ya Rukia, mdogo wetu wa mwisho, kwa mistari minne, kama unaniambia sukari imepanda bei. Ati mposaji ni mtu wa Malindi mwenye duka la vipuri, ana heshima zake. Ati nikahi mfungo mosi, Ramadhani ikiisha tu. Ati, na hapa nanakili mwandiko wako mwenyewe, "tumemuuliza, amenyamaza, basi ameridhi." Nilikuwa nimesimama jikoni. Nikakaa, nikausoma tena mstari huo. Bakari, mimi sikubali. Nakwambia mapema usije ukasoma barua nzima ukidhani mwishoni nitalegea.

Tulia nikueleze kwa nini, na maelezo yataanzia mbali kidogo, kwa yule mzee wangu wa Ireland.

Nilishakwambia namuuguza mzee mmoja Sugar Land, nje kidogo ya Houston, anakaa kwa binti yake. Mimi naishi Alief, si mbali kwa gari, barabara ikiwa na huruma. Ambalo sikukwambia ni kwamba mzee huyu kwao alikuwa seneta, mjumbe wa baraza la juu la bunge la Ireland, kwa miaka mingi. Sasa miguu imekataa kazi na macho yamefifia. Lakini mdomo, ewe! Mdomo mzima kabisa. Anakunywa chai ya maziwa kama sisi, na ukimpa ya rangi anauliza kama ng'ombe wa Texas wamegoma.

Binti yake amemletea vitabu kutoka kwao, vizito, majalada ya kijani, na ndani yake mna kila kilichosemwa katika baraza lile, neno kwa neno. Kila alasiri, chai ikishanyweka, kazi yangu ni kumsomea hotuba zake mwenyewe. Mwanzo nilidhani ni majivuno ya uzee. Kisha nikaanza kusikiliza ninachosoma. Kumbe kwao mwanamke aliyeajiriwa na serikali, siku akiolewa, kazi basi! Wazungu hao, Bakari, si sisi. Mzee akasimama kuipinga sheria hiyo. Akasimama kutaka posho ya watoto itiwe mkononi mwa mama, si mwa baba. Akasimama kwa ajili ya makuli wa bandarini, na kwa ajili ya wazee wanaokufa kwa baridi vyumbani mwao huku makaa yametozwa kodi. Na kila akimaliza, kura zinapigwa, anashindwa. Nimesoma kurasa chungu nzima na sijamwona akishinda ila mara mbili.

Sasa nikwambie kosa langu, ucheke. Vitabu vile vimeandika hata waliomkatiza. Huyu anamwambia kaa chini, yule anamwambia hajui hesabu, mwingine anamwambia aende akapike yeye. Mimi, kwa malezi ya Mama, nitamsomeaje mtu wa umri wa marehemu Baba matusi aliyotukanwa? Nikawa nayaruka. Nasoma hotuba, nikifika kwenye makelele napiga hatua kama mtu anayeruka dimbwi. Nilifanya hivyo mwezi mzima nikidhani natenda adabu. Siku moja akagonga mkono wa kiti. "Umeruka! Hapo kuna bwana aliniita mpumbavu. Umempeleka wapi?"

Nikamwambia, "Mzee, kwetu si adabu."

Alicheka mpaka nikamletea maji. Kisha akasema, "Binti, matusi hayo nimeyatolea jasho. Yasome yote. Ukiyaficha, atakayekuja nyuma atadhani wote walinikubalia, au mimi niliwakubalia wao."

Nikamuuliza basi, kama kila mara alikuwa anashindwa, alisimama kwa faida gani? Akasema alitaka iandikwe kwamba si wote waliokubali. Ile sheria ya wanawake walioolewa ilikuja kufutwa baadaye, na wakati huo watu walisema eti kila mtu siku zote alikuwa anaipinga. "Ndipo nikawafungulia kitabu," akasema, na akafurahi kama mtoto.

"Na wale waliokaa kimya," nikamuuliza, "wameandikwa wapi?"

"Hawamo," akasema. "Hakuna karani mwenye ruhusa ya kuchukua kimya cha mtu akakigeuza ndiyo."

Nilicheka tu siku hiyo, nikaenda kuosha vikombe. Sikujua nitayahitaji maneno hayo.

Mwezi uliopita ofisi iliyotuajiri sisi wauguzi wa majumbani ilituita mkutanoni. Bwana mkubwa akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mtu atamnyanyua mgonjwa peke yake, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Zamani tulikuwa wawili, mimi na Mama Furaha, mama mmoja wa Bukavu mwenye moyo wa dhahabu. Akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?" Chumba kizima tulikuwa wanawake wa Kiafrika. Unatujua. Mkubwa anasema, sisi tunatazama zulia. Hatukukubali, tuliheshimu tu. Yeye akaandika, "Wote wamekubali." Wiki haikwisha Mama Furaha akaumia mgongo akimnyanyua bibi mmoja kule Katy, na alipolalamika akaonyeshwa karatasi: si ulikubali?

Nilimsimulia Mzee huku namchana nywele. Akaushika mkono wangu. "Uliinua mkono?" Hapana. "Ulisema ndiyo?" Hapana. "Basi wamekuibia sauti yako, nenda ukaidai. Hata bungeni, mtu akiandikwa vibaya anarudi kesho yake kudai kitabu kirekebishwe."

Mama Furaha alinisihi. "Dada, batakufukuza! Kazi iko nguvu kupata hapa." Nikaenda hivyo hivyo. Katika mkutano uliofuata nikasimama, wallahi nilikuwa naona zulia tu, nikasema, "Naomba iandikwe kwamba mimi, Mwanaidi, sikukubali siku ile na sikubali leo. Na sitamnyanyua mtu peke yangu." Bwana mkubwa akaguna, akasema hiyo haibadilishi kitu. Nikamwambia sijaomba ibadilike, nimeomba iandikwe. Karani akanitazama, akaandika. Amri haijaondolewa mpaka leo, na zamu zangu za Jumamosi wamempa mwingine. Kwa Mzee anakuja binti yake kunishikia upande wa pili. Nimeshindwa, kama Mzee, lakini nimo kwenye kitabu. Nakueleza haya usije ukasema nakufundisha jambo ambalo mwenyewe siliwezi.

Ndipo barua yako ikaja. Amenyamaza, basi ameridhi.

Hebu tukumbushane, kaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alikuja mlangoni, nyuma yake Shangazi na wanawake wanane, na wewe umekaa kwenye kizingiti na lile daftari la familia, unaloandika waliozaliwa, waliokufa na walioolewa, kwa sababu mwandiko wako mzuri. Baba akaniuliza. Mimi neno nilikuwa nalo, Bakari. Lilikuwa hapa kooni, "sitaki." Lakini nikaona uso wa Baba na wale wanawake wameshashika vinywa tayari kwa vigelegele, nikaona nikilitoa nitamvunjia heshima mbele ya watu. Nikainamisha kichwa nipate kupumua kwanza. Vigelegele vikapigwa. Sikuwahi kupumua. Na wewe ukaandika.

Yule bwana hakunipiga, sitamzulia. Lakini nilikaa kwake miaka saba kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni, shule imekatwa, hadi akanipa talaka yangu. Nilipotoka nilikuwa mtu mzima asiye na cheti wala mtoto. Sikulaumu kwa kuandika. Ulikuwa kijana, uliandika ulichoambiwa. Sasa wewe ndiye mkubwa. Baba hayupo, walii wa Rukia, wa kumwoza, ni wewe, na kalamu ni yako.

Jumanne nilinunua kadi ya simu nikapiga dukani kwa jirani, nikaomba Rukia aitwe. Akaja, na Shangazi yuko naye, namsikia anavyohema. Nikamuuliza, "Rukia, huyu mtu wamtaka?" Kimya. "Rukia, ni mimi, nambie." Kimya tu, mpaka yule mama wa kwenye mashine akatuambia kadi imebakiza dakika moja. Kimya kile nakijua, Bakari, nimekaa ndani yake. Niliweka simu chini, nikatoka nikalia kama mjinga pale kwenye ngazi za nyumba, majirani wananipita.

Na usiniletee dini, maana najua ndiyo karata yako. Dini imesema aulizwe. Kuulizwa si kuzungukwa na mashangazi chumbani huku pilau limeshatiwa viungo uani. Nenda kamuulize maalimu kama kimya cha mtoto aliyetishika ni idhini, na ukiuliza usimfiche hata kidogo jinsi ilivyokuwa.

Sasa sikia vizuri usije ukanisingizia. Mimi sisemi Rukia hamtaki. Sijui. Wala wewe hujui, hilo ndilo linalonichoma. Huenda anampenda huyo mwenye vipuri vyake. Akisema kwa mdomo wake kwamba anamtaka, nitatuma kanga, udi na kila kitu, na nitapiga vigelegele kwenye simu mpaka Wamarekani waite polisi. Akisema anataka kwanza amalize kidato cha nne akasomee kazi ya maabara, kama alivyoniandikia siku za Maulidi, basi huyo bwana atarudi Malindi salama na vipuri vyake. Lakini ataulizwa. Atakuwa yeye, Mama na wewe, mlango wazi, Shangazi katumwa sokoni. Utamwambia kabla hajafungua kinywa kwamba akikataa hakuna atakayemnunia. Kisha utangoja, hata ikiwa mpaka maghrib. Usiinuke, usikohoe, usimsaidie neno.

Najua utakasirika. Utasema Mwanaidi ameharibiwa na Marekani, amekuwa mwanamke wa kusimama mikutanoni. Sema, kasirika, niandikie matusi yote, nami nitayahifadhi. Lakini kama utamwoza kwa kimya, jua kwamba nimeshaongea na Mama, naye amesema goti lake likimruhusu kwenda msikitini kusubiri mlangoni siku ya nikahi, awaambie watu kwamba mwanawe hakusema ndiyo, atakwenda. Sikumtuma. Kasema mwenyewe.

Nisalimie Mama, umkande goti kwa mafuta ya habasoda niliyotuma. Msalimie mkeo na umwambie gauni la yule mdogo lilishonwa kwa kukisia, akunje pindo. Msalimie jirani mwenye duka, namwomba radhi kwa kumshikia simu yake. Shangazi pia msalimie, ingawa leo sina raha naye. Mzee Seneta anakusalimu, anauliza una mwandiko wa aina gani.

Jambo la mwisho, kisha nakuacha. Lichukue lile daftari la familia. Fungua ukurasa wangu, palipoandikwa "Mwanaidi: amenyamaza, ameridhi." Usiufute mstari huo, uache watu wauone. Chini yake, kwa mwandiko wako huo huo mzuri, andika "Hakuridhi," utie tarehe ya leo. Halafu fungua ukurasa mpya, andika jina la Rukia juu, uuache mweupe, kalamu umpe yeye.

Wako nduguyo,
Mwanaidi, ambaye hakuridhi