Baba Yako Alipokuja Kufundisha Darasa la Tano

Na hapana, mume wangu mpenzi, sikuifuta ile wiki ya sita ya mpango wetu wa masomo kama ulivyonishauri katika barua yako. Umechelewa! Imeshapita, nami nimekaa hapa mezani nacheka peke yangu, natamani ungekuwa karibu nikuvute masikio yote mawili, maana kosa ni letu sote.

Unakumbuka tulivyoupanga ule mwaka? Ilikuwa wiki ya pili ya ndoa yetu. Mvua ya Mbeya ilitufungia ndani mchana kutwa, nasi tukaishukuru. Ulilala kifudifudi mkekani, mimi nimeegemea mgongo wako, na mbele yetu ile karatasi ya kaki tuliyoinunua dukani kwa Mhindi, tumeichorea mstari mmoja kwa kila wiki. Nilikuambia nimechoka kuwafundisha watoto wa darasa la tano mito ya Uingereza ilhali hawajui mto wanaochota maji unatoka wapi. Nilidhani utanicheka. Badala yake ukachukua penseli ukasema, "Basi tuanze mlangoni kwao, halafu tutoke nao polepole." Nilikupenda upya pale pale. Muhula wa kwanza tukauita Mlima Wetu, wa pili Jimbo Letu, wa tatu Tanganyika na Majirani, na dunia nzima tukaibana pembeni kwa sababu karatasi iliisha. Kwenye mstari wa sita wewe mwenyewe, kwa mwandiko wako ninaoupenda, uliandika: "Mzee aje darasani asimulie watu walivyofika hapa." Ukanibusu, tukaenda mstari wa saba. Hakuna aliyejiuliza mzee gani, mpaka wewe ulipoliwaza hilo katika barua yako ya juzi.

Ulipoondoka kwenda kuanza kazi Iringa, niliupeleka mpango wetu kwa Mwalimu Mkuu. Aliusoma amekunja uso. "Mwalimu, mtihani hautauliza habari za mlima huu," akasema, akanipa nusu muhula tu. Baada ya hapo, akiona hauna faida, narudi kwenye kitabu na mito yake.

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa hiyo. Unaijua. Tangu nifike kwenu sijapata kujua kama baba yako amenikubali, mimi Mhehe wa Kalenga. Ningejuaje? Kwenu Wanyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye wala hataji jina lake. Mama yako alinifundisha siku ya tatu baada ya harusi: "Ukimwona njiani, mwanangu, ingia majanini. Hata kama kuna matope." Nimeshaingia majanini mara nne, mpenzi, na mara mbili kulikuwa na matope. Nageuza mgongo, nasikia kikohozi chake, nasikia hatua zake zinapita, nisijue kama zina hasira au zina upole.

Sasa sikiliza. Niliwaachia watoto wamtafute mzee wenyewe. Bupe, yule msichana wa dawati la mbele ambaye mdomo wake haupumziki, akaja mbio. "Tumempata, Mwalimu! Anakaa mlimani, anajua mpaka majina ya ng'ombe wa kwanza. Atakuja Jumatano." Nikafurahi, nikamsifu, sikuuliza jina.

Jumatano asubuhi nikasikia kikohozi mlangoni. Kikohozi kile nakijua kutoka majanini. Darasa lina mlango mmoja, naye ndiye aliyesimama hapo. Nikatupa chaki nikapita dirishani. Naam, mkeo mwenye cheti cha ualimu alipita dirishani mbele ya watoto arobaini! Gauni likanasa kwenye komeo, likachanika, nikaangukia kwenye maharage ya shule. Darasa zima likaangua kicheko.

"Nyamazeni!" nikamsikia Bupe. "Kumbe ni mkwe wake! Mnacheka nini, kwani mama zenu hawamkimbii babu?" Kisha kichwa chake kikatokea juu yangu. "Mwalimu, Mzee amegeukia ukuta. Anauliza, aondoke?"

"Asiondoke!" nikamnong'oneza. "Mpe kiti. Mimi nitakaa hapa chini ya dirisha. Maswali yangu utamwuliza wewe."

Basi ndivyo tulivyofundisha, mimi na baba yako, ukuta katikati yetu. Akasimulia walivyopanda kutoka Rungwe wakifuata majani ya ng'ombe, walivyolala kwenye ukungu wakiitana majina ili wasipoteane.

"Mwalimu anauliza, mlipofika mlimkuta nani?"

"Tuliwakuta Wasafwa, wenyewe. Kwani wewe ulidhani mlima ulikuwa unatungoja sisi? Walitupa moto kwanza. Ardhi tuliiomba baadaye, kwa adabu."

Katikati ya hayo viatu vikasimama mbele yangu. Mwalimu Mkuu. "Mwalimu, unafanya nini kwenye maharage?"

"Nafundisha, Mwalimu Mkuu."

Akachungulia dirishani apate sababu ya kunikemea vizuri. Akabaki hapo hapo, viwiko juu ya dirisha, mpaka kengele ikalia. Hakuna mtoto aliyeinuka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Endelea na mpango wako mwaka mzima. Ila Mzee mtafutie kiti kisichoyumba."

Ningeruka kwa furaha, lakini baba yako alikuwa bado hajamaliza. "Mwambieni mwalimu wenu kanipa siku moja. Siku moja! Hata Rungwe yenyewe sijaimaliza. Nitakuja kila Jumatano mwezi huu." Kisha akauliza, "Na yeye katoka wapi?"

"Iringa, Mzee," wakaitikia. "Kalenga."

Mume wangu! Nilishika jani la haragwe nikalichanachana lote.

"Mke wa mwanangu ana watu nyuma yake, nami siwajui," akasema. "Mwezi ujao asimulie yeye habari za kwao. Mimi nitakaa hapo nje kwenye maharage nisikilize. Macho ndiyo yaliyokatazwa. Masikio hayajakatazwa."

Mke wa mwanangu! Alisema hivyo mbele ya watoto arobaini. Nililia nikiwa nimekaa chini, gauni limechanika, matope mpaka magotini, na tangu siku ya harusi yetu sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Sasa niko taabuni, na wewe ndiye wa kuniokoa. Nimekaa siku tatu na daftari, na habari za Kalenga nilizoandika hazijazi ukurasa mmoja. Ngome ya mtemi wetu ilivyobomolewa vitani, basi, kama anavyojua kila mtoto wa Kihehe. Bibi yangu alikuwa akinisimulia mengine yote tukipukuchua mahindi, nami nilikuwa nimeinamia vitabu vya shule nikijibu "ndiyo, Bibi" bila kusikia. Siwezi kumketisha baba yako kwenye maharage nikamsomea ukurasa mmoja.

Kwa hiyo ninakuja. Mwalimu Mkuu amenipa ruhusa ya siku nne. Tutakwenda wote Kalenga kwa Bibi. Wewe utashika penseli, mimi nitapukuchua, na safari hii nitasikiliza. Niwekee maji ya moto ya kuoga, maana nitafika nimejaa vumbi la njia nzima, na uniwekee nafasi mgongoni mwako. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka kwenye basi hapo Iringa.

Ni mimi mkeo,
na sasa mkwe wa baba yako